Mfereji Haufi kwa Kukosa Mawe: Mafunzo ya Engaruka kwa Kamati Zetu za Maji



Katika semina ya kamati za maji iliyofanyika Mkonze, mzee mmoja wa usharika alinyoosha mkono na kuuliza swali ambalo sijalisahau. Alisema, "Mratibu mwanangu, kila mwaka mnatufundisha habari ya uendelevu wa miradi. Je, umewahi kuona mradi wa maji uliodumu hata miaka mia moja?" Watu walicheka, maana wengi wetu tumeona miradi ambayo haikufikisha hata miaka kumi. Nilimjibu kwamba upo uliodumu karibu miaka mia tatu, tena uko hapa hapa Tanzania, na nikaahidi kuueleza kwa kirefu katika jarida letu. Makala haya ni utekelezaji wa ahadi hiyo.

Mradi wenyewe ni mifereji ya kale ya Engaruka. Haukuwa na mfadhili, saruji wala bomba. Mabaki yake yanaonekana hadi leo. Kwa kamati zinazosimamia visima, mabomba na malambo katika nyanda zetu kame za kati, pamoja na wahisani wanaotuunga mkono, mabaki hayo yana mafunzo ya kufaa sana.

ENGARUKA NI WAPI

Engaruka ipo katika Wilaya ya Monduli, Mkoa wa Arusha, kaskazini ya Mto wa Mbu, kwenye njia ya kwenda Ziwa Natron. Upande wa magharibi umesimama ukuta mrefu wa Bonde la Ufa, na juu yake kuna nyanda za juu za Ngorongoro zenye misitu na mvua nyingi. Chini ya ukuta huo nchi ni kame. Sisi wa Dodoma, ambao mvua yetu haifikii wastani wa milimita 600 kwa mwaka, tunajiona tumekosa; lakini Engaruka hupata pungufu ya hiyo. Kwa mvua peke yake mkulima wa pale hawezi kuwa na uhakika wa mavuno.

Hata hivyo, kuna mito inayoshuka kutoka nyanda za juu na kutokeza kwenye makorongo ya ukuta huo. Mkubwa wake ni Mto Engaruka, ambao hutiririka mwaka mzima. Kati ya karne ya 15 na karne ya 18, jamii ya wakulima iliishi hapo na kuyachukua maji ya mito hiyo kwa mifereji hadi kwenye mashamba yenye eneo la takriban kilomita za mraba 20, yaani hekta zipatazo 2,000. Vijiji vyao saba vilijengwa kwenye mteremko juu ya mashamba. Nyumba zilikaa juu ya ngazi za ardhi zilizosawazishwa na kuzuiwa kwa kuta za mawe. Kwa namna hiyo ardhi ya tambarare, ambayo maji yangeweza kuifikia, haikupotezwa kwa makazi.

Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 na kuandika juu ya magofu hayo. Mwaka 1935 Louis Leakey alifanya uchunguzi, na kwa kuona wingi wa misingi ya nyumba alikadiria kwamba palikuwa na mji wa watu 30,000 hadi 40,000. Wataalamu waliofuata, wakiwemo Hamo Sassoon katika miaka ya 1960, John Sutton kuanzia miaka ya 1970 na Daryl Stump katika miaka ya 2000, walichimba na kupima kwa makini zaidi. Walionyesha kwamba idadi ya watu ilikuwa ndogo sana kuliko hiyo, na kwamba hapakuwa na mji wa mfalme wala ngome. Palikuwa na vijiji vya wakulima. Punje za mtama zilizoungua zimepatikana katika udongo wa makazi yao. Kwa hiyo chakula chao hakikuwa kigeni kwa mtu wa Ugogo.

MAJI YALIVYOFIKA SHAMBANI

Kanuni ya kwanza ya mfereji inajulikana na kila mtoto: maji hushuka, hayapandi. Ugumu uko katika kuyashusha polepole. Mfereji ukiteremka kwa kasi, maji hula kingo na kuchimba korongo jipya. Mfereji ukiwa bapa mno, mchanga na tope hutulia chini, na baada ya muda mfupi mfereji hujaa. Fundi wa mfereji hutafuta mteremko ulio katikati ya hali hizo mbili.

Wajenzi wa Engaruka walianza kwa kuteka maji juu, pale mto unapotoka kwenye korongo, mahali tunapopaita leo banio. Kutoka hapo mfereji mkuu haukushuka moja kwa moja na mto. Ulikata kando ya mteremko, ukifuata mkunjo wa ardhi, na kushuka kidogo tu. Kwa njia hiyo kila hatua uliyokwenda mbele ulizidi kuwa juu ya tambarare, na ardhi yote iliyobaki chini yake iliweza kupata maji. Kutoka mfereji mkuu yalitolewa matawi, na kutoka matawi maji yaliingia katika vishamba vidogo vilivyosawazishwa na kuzungushiwa mistari ya mawe. Mkulima aliyewahi kulima mpunga kwenye majaruba ataelewa mara moja: kishamba kimoja kikijaa, unafunga hapa na kufungua pale.

Wajenzi hao hawakutumia chokaa wala zege. Mawe yalipangwa tu, jiwe juu ya jiwe. Kuhusu kupima mteremko, maji yenyewe ni kipimo. Ukichimba kidogo kidogo kuanzia kwenye banio na kuyaruhusu maji yakufuate, yatakuonyesha ulipokosea kabla hujafika mbali. Mafundi wetu wa ujenzi wanatumia kanuni hiyo hiyo wanapochukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wakaujaza maji na kulinganisha pembe mbili za msingi wa nyumba.

Kuna jambo jingine ambalo utafiti wa Stump umelieleza vizuri. Katika sehemu ya mashamba ya kaskazini, udongo wa kulimia haukuwepo pale tangu mwanzo. Watu walijenga kuta fupi za mawe kukinga maji yaliyobeba mashapo. Maji yalipopunguza kasi, udongo mzuri ulitulia nyuma ya ukuta. Ukuta uliongezwa, na udongo ukaongezeka tena, hadi mahali pengine ukafikia kina cha zaidi ya nusu mita. Kwa maneno mengine, mashamba hayo yalijengwa na maji.

Sisi wa Mkoa wa Dodoma tunalo la kujifunza hapo. Tunakumbuka jinsi mmomonyoko ulivyoharibu Kondoa, hata Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Udongo unaochukuliwa na mafuriko ni hasara kwa mwenye shamba la juu. Watu wa Engaruka waliukamata kabla haujapotea.

WAROMA NA KIPIMO CHA SHUBIRI MOJA

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba mifereji ya mawe ni kazi ndogo ikilinganishwa na ile ya Waroma wa kale, ambayo picha zake zimo katika vitabu vya historia. Ni kweli kwamba kazi ya Waroma ilikuwa kubwa. Kusini mwa Ufaransa lipo daraja la maji liitwalo Pont du Gard, lenye matao ya mawe ya safu tatu na kimo cha karibu mita 49. Lilivusha maji juu ya mto yakielekea mji wa Nîmes. Hapa Afrika, nchini Tunisia, yapo mabaki ya mfereji ulioleta maji kutoka chemchemi za Zaghouan hadi Carthage, umbali wa takriban kilomita 130 kwa kufuata njia yake. Huo ulijengwa katika karne ya 2.

Lakini matao yasitupotoshe. Sehemu kubwa ya mfereji wa Kirumi ilipita chini ya ardhi au juu ya uso wake tu, ikiwa imefunikwa. Matao yalijengwa pale tu ambapo bonde lilikatiza njia. Kazi ngumu ilikuwa ile ile ya Engaruka, yaani mteremko. Mfereji wa Nîmes una urefu wa karibu kilomita 50, na kutoka mwanzo hadi mwisho unashuka takriban mita 12 na nusu tu. Hiyo ni wastani wa sentimita 25 kwa kilomita, yaani shubiri moja na vidole viwili hivi. Kwa upimaji huo walitumia, pamoja na vifaa vingine, benchi la mbao lenye urefu wa karibu mita 6, likiwa na timazi zilizoning'inia pembeni na mfereji mdogo wa maji juu yake. Ni pimamaji kubwa, basi.

Kinachotuhusu zaidi ni yale yaliyofuata baada ya ujenzi. Mwaka 97 afisa mmoja aitwaye Frontinus aliteuliwa kuwa msimamizi wa maji ya Roma. Wakati huo mji ulikuwa na mifereji mikubwa tisa. Aliandika kitabu juu ya kazi yake, nacho kipo hadi leo. Mwenyekiti yeyote wa kamati ya maji akisoma habari zake atamwona kuwa ni ndugu. Frontinus alikuta watu wametoboa mfereji kwa siri na kujiunganishia maji. Alikuta mizizi ya miti inapasua kuta, ingawa sheria ilitaka nafasi ya wazi iachwe pande zote mbili za mfereji. Alikuta vipimo vya mabomba ya wateja haviaminiki. Tena aliorodhesha wafanyakazi 700 wa kudumu, ambao kazi yao ilikuwa kulinda, kusafisha na kutengeneza. Watu hao 700 hawakujenga mifereji hiyo. Walikuwepo ili isife.

MIFEREJI ILIKUFAJE

Mwaka 537 jeshi la Wagothi lililouzingira mji wa Roma lilikata mifereji yake. Huo ni uharibifu wa vita. Mfereji wa Nîmes ulikufa kwa namna nyingine. Maji yake yalikuwa na chokaa nyingi, na chokaa hiyo iliganda ukutani mwaka hadi mwaka kama utando ndani ya birika la chai. Kwa muda mrefu wafanyakazi waliikwangua. Usafi ulipozembewa, utando ulizidi kuwa mnene na njia ya maji ikawa nyembamba, hata mfereji ukaachwa. Pont du Gard halikuanguka. Limesimama hadi leo, kavu.

Kwa upande wa Engaruka, watu walihama katika karne ya 18. Wataalamu wametoa sababu mbalimbali: kupungua kwa maji ya mito, kuchoka kwa ardhi, kufika kwa wafugaji wa Kimasai, au mambo hayo yote kwa pamoja. Lililo wazi ni kwamba sehemu ya mashamba ya kale iko kando ya vijito ambavyo leo hutiririka wakati wa mvua tu. Maji yakipungua, watumiaji hulazimika ama kupatana upya juu ya zamu, ama kugombana, ama kuondoka.

Ukifika Engaruka leo utaona ngazi za nyumba mteremkoni, mistari ya mawe ya vishamba na njia za mifereji. Vijiji vya sasa vinamwagilia kwa Mto Engaruka ule ule. Mawe yapo tele. Katika mashamba ya kale hakuna kilichokosekana isipokuwa maji na watu wa kuyaongoza.

WALIOENDELEA

Je, kuna waliofaulu kuendelea? Wapo. Kaskazini ya Engaruka, Wilaya ya Ngorongoro, wanaishi Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Batemi. Sutton na wengine wameona mambo mengi yanayofanana kati ya maisha ya Engaruka ya kale na ya Wasonjo. Robert Gray, aliyechapisha kitabu juu yao mwaka 1963, alieleza jinsi maji yalivyosimamiwa na baraza la wazee liitwalo wenamiji. Baraza hilo ndilo lililopanga zamu za maji na kuadhibu waliokiuka. Mifereji ya Wasonjo ni ya udongo na miti, hata mtalii anaweza kuipita asijue kwamba ameona kitu cha thamani. Lakini ilikuwa hai wakati ile ya mawe ya Engaruka imekwisha kukauka.

Uchaggani nako mifongo imeshuka kutoka misitu ya Kilimanjaro tangu kabla ya ukoloni. Kila mfongo ulikuwa na ukoo au kundi la watumiaji, wazee wake na siku yake ya kusafishwa. Siku hiyo kila nyumba ilitoa mtu, na asiyefika alitozwa au alinyimwa maji. Nchini Kenya, Wamarakwet wa ukingo wa Bonde la Kerio nao wana mifereji yao ya koo, na kazi ya kuisafisha na kuitengeneza hugawanywa kwa watumiaji.

Tukiweka mifano hii pamoja, tunaona jambo moja. Mawe ya Nîmes na ya Engaruka yamedumu, lakini maji yamekwisha. Mfereji wa udongo wa Wasonjo huharibika kila msimu, na kwa sababu huharibika kila msimu, watu hawaachi kukutana. Kinachodumisha maji ni makubaliano ya watumiaji, yanayotekelezwa kila mwaka.

TUNAJIFUNZA NINI

Naomba nitoe ushuhuda mmoja ambao si wa kujivunia. Nilikwenda kukagua mradi wa maji ya mserereko katika kijiji kimoja cha milimani. Tenki lilikuwa zuri, limepigwa lipu na kuandikwa majina ya wafadhili. Vilula vyote vilikuwa vikavu, na akina mama walikuwa wamerudi kuchota kwenye mashimo ya mtoni. Nilipanda hadi kwenye banio. Lilikuwa limejaa mchanga na majani. Tulikuwa watu sita na sepetu nne, na kabla ya jua kuzama maji yalikuwa yakiingia kwenye bomba. Mradi huo ulikuwa umelala kwa miaka miwili kwa ajili ya kazi ya siku moja.

Ingekuwa rahisi kuwalaumu wanakijiji. Lakini nilipofungua andiko la mradi nilikuta fungu la tenki, fungu la bomba, fungu la sherehe ya uzinduzi, na hakuna mahali palipoandikwa nani atasafisha banio, siku gani, na nani atamlipa. Tulioandika andiko hilo tulikuwa sisi wataalamu, na mimi nilikuwamo.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka wazi kwamba wananchi vijijini wawe wamiliki wa miradi yao na wachangie gharama za uendeshaji na matengenezo. Baadaye Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, na kuweka utaratibu wa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kwa hiyo utaratibu upo. Lakini sheria haishiki sepetu. Ndiyo maana napendekeza kila kamati ya usharika au mtaa inayohusika na mradi wa maji ijiulize maswali haya manne kabla ya kuomba fedha zaidi:

1. Je, kuna mtu mmoja anayejulikana kwa jina ambaye kazi yake ni kutembelea chanzo kila wiki? Analipwa nini, na nani anampokea taarifa?

2. Je, kuna siku maalumu ya kusafisha, iliyowekwa kwenye kalenda kabla ya mvua kuanza na baada ya mvua kuisha? Asiyefika anafanywaje?

3. Maji yakipungua, nani hukatiwa kwanza? Jambo hili likubaliwe wakati maji yapo. Kulijadili siku ya kiu ni kuchochea ugomvi.

4. Je, ardhi iliyo juu ya chanzo ni ya nani, na inatumikaje? Mchanga unaoziba banio umetoka kwenye shamba la mtu. Makinga maji yakijengwa kule juu, shamba linapona na banio linapona.

Kwa wahisani wetu, tunashukuru kwa kila mfuko wa saruji. Ombi letu ni kwamba andiko likija mbele yenu lisilo na majibu ya maswali hayo manne, lirudisheni kwetu, hata kama tenki lililochorwa ni zuri. Vilevile msione haya kufadhili vitu visivyopigwa picha: posho ya mlinzi wa chanzo kwa miaka ya mwanzo hadi michango ya watumiaji itakapotosha, daftari la makusanyo, sepetu na mabuti. Kwa mhisani hizo ni fedha kidogo, na bila hizo zile nyingi zinapotea.

Mzee aliyeuliza swali lile Mkonze hakuridhika upesi. Nilipomweleza habari za Engaruka kwa kifupi, alitikisa kichwa akasema, "Kumbe hata wa miaka mia tatu ulikufa." Nikamwambia ndiyo, ulikufa, lakini vizazi vingi vililima na kula kwa sababu kila kizazi kilikubali kushika zamu yake. Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia katibu wa kamati na kumuuliza siku ya kusafisha kisima chao ni lini. Katibu akafungua daftari. Siku haikuwemo. Kabla hatujafunga semina ilikuwa imeandikwa.

Tunazikaribisha kamati nyingine nazo zituandikie siku zao.